Ndege Aliyoitaka Bi Mwatum

Mkubwa Silima alikuwa mkubwa wa jina tu. Kwa kimo alikuwa mtu wa kutafutwa katika safu ya sala, na kazi yake nayo ilikuwa ya vitu vidogo. Alikuwa fundi saa pale Mkunazini, katika kiduka ambacho wateja wawili wakiingia, wa tatu husubiri barazani. Mchana kutwa alikaa na kioo amekibana jichoni na kibano mkononi, akizisemesha saa za watu kwa sauti ya chini. Watu walimpendea mambo mawili: katika kazi hakuwa mwongo, na mdomoni hakupungukiwa na mzaha. Ukimpelekea saa iliyokwisha kabisa, hakukuzungusha wiki nzima kama mafundi wengine niwajuao mimi. Aliifungua, akaichungulia, akakurudishia. "Hii si ya kutengenezwa tena," alikuwa akisema, "hii ni ya kusaliwa."

Basi mtu kama huyo, mwenye mke na ndevu zilizoanza kuingia mvi, mwaka wa hamsini na tano alianza kutengeneza ndege za kuchezea.

Nasema za kuchezea kwa sababu ndivyo walivyosema watu wa barazani, na watu wa barazani hawakosi jina la kukupa. Yeye mwenyewe hakupenda neno hilo. Ndege ya kwanza ilimjia kwa bahati. Mzungu mmoja wa serikalini alihamishwa kwenda nchi nyengine, na vyombo vyake vikapigwa mnada, kama ilivyokuwa ada ya Wazungu waondokao. Mkubwa alikwenda kutafuta saa ya ukutani iliyovunjika, ambayo angeweza kuing'oa vipuri. Saa akaipata, na dalali akamtupia juu yake sanduku la karatasi ngumu ambalo hakuna aliyelitaka. Juu ya kifuniko palichorwa ndege ya vita inakata mawingu, rangi yake kijani, na kwenye kila bawa duara jekundu.

Mkubwa aliliangalia duara lile mpaka dalali akamuuliza kama amekuja kununua au kusoma. Akalichukua sanduku kwapani, akatoka, na saa akaisahau palepale. Ilibidi arudi kesho yake kuifuata.

Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki, kitu ambacho siku zile kilikuwa kigeni kwetu, vimeshikamana na vijiti vyao kama uduvi katika wavu. Mlikuwa na karatasi yenye picha na maneno ya Kiingereza, na kijibomba cha gundi iliyokauka zamani. Mkubwa Kiingereza alikijua cha jeshini, yaani cha kuamrishwa, lakini picha zilimtosha. Gundi ndiyo iliyomtoa jasho. Alijaribu ya seremala, bawa likaanguka. Akajaribu tena, likaanguka. Mara ya tatu lilikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, likaanguka mbele ya mteja. Mwisho fundi mmoja wa kupaka rangi magari akamwambia ajaribu thina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Kumbe thina haigandishi, bali huyeyusha, na vipande viwili vilivyoyeyuka pembeni vikiwekwa pamoja huwa kimoja. Mkubwa akafurahi, akamimina. Bawa zima likajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Ndege ile ya kwanza ilikaa na bawa lake bovu mpaka mwisho wa dunia yake, naye akaitundika kwa uzi juu ya meza ya kazi. Ya pili alimwagiza Shaame, baharia wa Tumbatu aliyefanya kazi katika meli za mbali na aliyejua maduka ya kila bandari. Mkubwa alimpa sharti moja, kwamba asimletee ila za Kijapani.

"Hebu niambie," Shaame alimuuliza, "vita si walishinda Waingereza? Kila mtu anataka ndege ya aliyeshinda. Weye wataka ya aliyepigwa."

"Ya aliyeshinda sikupata kuitazama kwa karibu," Mkubwa alijibu. "Hii niliitazama."

Shaame alicheka, na safari iliyofuata alimletea mbili badala ya moja. Moja Mkubwa akaijenga, ikatoka nzuri, mabawa yamenyooka na rafadha inazunguka ukiipuliza. Nyengine akaiacha ndani ya sanduku lake, chini ya meza. Mkewe, Mwanamkasi, aliyavumilia yote hayo kwa uvumilivu wa mke anayejua kwamba mume wake angeweza kupata mchezo mbaya zaidi. Ila hakujua, wala watu wa barazani hawakujua, kwa nini mtu yule wa mizaha akishika vipande vile hunyamaza kabisa, na kwa nini siku nyengine macho yake hujaa maji akasingizia thina.

Sababu ilikuwa mtu. Jina lake Mcha Mwalim.

Mkubwa na Mcha walikuwa wa Makunduchi wote wawili. Walitiwa jandoni siku moja, wakapona siku moja, na anayejua jando anajua kwamba watu wa jando moja wana undugu ambao hata ndugu wa tumbo moja huuonea wivu. Vita vilipokuja wakajiandikisha pamoja katika jeshi la keya, lile la Waingereza, wakavushwa Bara wakafunzwa kutumia bunduki, kisha wakapakiwa melini kwenda Burma kupigana na Mjapani ambaye hawakuwa na ugomvi naye. Huko wakaingizwa katika bonde lenye mvua isiyojua kukatika. Walitembea ndani ya matope miezi mizima, nyumbu wa mizigo mbele na wao nyuma.

Siku moja mvua ilisita. Mawingu yakapasuka kidogo, na katika mwanya ule ikatoka ndege. Iliteremka chini mno hata miti ikainama. Askari wote wakajitupa mitaroni, na Mkubwa na Mcha wakaangukia mtaro mmoja, huyu juu ya yule. Risasi zikapita, zikaelekea upande wa pili. Mkubwa aliinua uso kutoka kwenye matope, akaliona lile duara jekundu kwa macho yake, kubwa, safi, kama limepakwa rangi asubuhi ile. Kisha ndege ikaondoka na kimya kikarudi. Katika msafara mzima alikuwa amekufa nyumbu mmoja tu, naye ndiye aliyebeba sukari.

Mcha alikaa kitako ndani ya matope, akautazama mzoga na sukari inavyoyeyuka. "Katoka kwao kote huko," alisema, "kaja kuua sukari yetu." Akaanza kucheka. Mkubwa naye akacheka, wakacheka mpaka koplo akawapiga mateke, na mateke yale yakawazidishia kicheko. Katika umri wake wote Mkubwa hakuwahi kucheka vile, si kabla wala baada. Siku ile ndiyo aliyokuwa akiijenga upya pale Mkunazini, kipande kwa kipande. Alimtamani Mcha. Alitamani kusikia mara moja tu, kabla hajafa, kile kicheko cha ndani ya matope, na njia ya kukikaribia hakuijua nyengine.

Lakini mimi siwezi kukueleza uzuri wa kicheko nikakuficha ubaya wa ulimi. Mkubwa alikuwa na mzaha tangu ujana. Kule bondeni kila asubuhi walipewa vidonge vya manjano vya kuzuia homa, vichungu, na kambini palizuka uvumi kwamba vidonge vile huondoa uanaume. Uvumi ulikuwa wa watu wote, ila kinywani mwa Mkubwa ulipata ladha. Mcha alikuwa ameposa kwao, mchumba wake akiitwa Kidawa. "Meza, ndugu yangu, meza," Mkubwa alimwambia. "Lakini ukirudi Makunduchi utakuwa kaka yake Kidawa, si mume." Wenzao wakaanguka kwa kucheka. Tangu siku hiyo Mcha akawa anakiweka kidonge chini ya ulimi, afisa akipita anakitema matopeni. Mkubwa alimwona na hakusema kitu. Yeye mwenyewe alikuwa akimeza.

Siku tisa baada ya ndege ile kuua nyumbu, Mcha alishikwa na homa. Haikumchukua hata wiki.

Vita vilipokwisha na Mkubwa akarudi Unguja, mwanzoni mwa mwaka wa arobaini na sita, mahali pa kwanza kwenda palikuwa Kiembe Samaki. Bi Mwatum, mama yake Mcha, alikuwa amehamia huko katika shamba dogo aliloachiwa na dada yake, si mbali na kiwanja cha ndege. Barua ya serikali ilikuwa imeshamfikia. Ilisema mwanawe amefia Burma, basi, haikusema zaidi. Bi Mwatum akamkalisha Mkubwa, akampa maji, akangoja anywe. Kisha akamuuliza Mcha amekufaje.

Njia nzima Mkubwa alikuwa amejipanga kusema kweli. Akafungua kinywa, na ikatoka ndege. Alieleza mvua ilivyosita, mawingu yalivyopasuka, duara jekundu, mtaro, yote kama yalivyokuwa, ila badala ya nyumbu alimweka Mcha. "Mara moja tu, mama. Hakuteseka." Bi Mwatum akajifunika uso kwa kanga. Mkubwa akaondoka na uongo wake akidhani amemwachia yule mama kitu kilicho chepesi kuliko kweli.

Mwongo huonywa na macho yake mwenyewe. Kila Idi alipokwenda kumwamkia, na sukari na kanga mkononi, aliyaona matunda ya alichokipanda. Ndege ya abiria ikija kutua, Bi Mwatum huacha alichoshika, akaingia chumbani, akafunga mlango. Husikika akisoma huko ndani mpaka mlio ukatike. Kisha hutoka na kuendelea kupepeta mchele wake, na hapana aliyethubutu kumuuliza. Mkubwa akapunguza kukaa. Alifika, akaamkia, akaacha vitu, akaaga. Kidawa akaolewa na mtu mwengine, akazaa, maisha yakaenda. Uongo nao ukaota mizizi, na mti uliokwisha kuota mizizi kuung'oa si kazi ya mkono mmoja.

Sasa turudi Mkunazini. Mwaka wa hamsini na sita, asubuhi ya siku ya soko, mwanamke mzee aliyevaa buibui alisimama mlangoni mwa kiduka akiangalia juu, zilikotundikwa zile ndege mbili. Mkubwa alinyanyua kichwa kutoka kwenye saa ya mtu, kioo kikamdondoka jichoni.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu." Hakumtazama. "Ndiyo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo."

"Nliambiwa Mkubwa anatengeneza ndege za Kijapani, sikuamini." Akazitazama kwa muda mrefu, kwanza ile yenye bawa bovu, kisha ile nzima. "Ndogo."

"Yenyewe kubwa, mama. Hii mfano tu."

"N'tengenezee yangu."

Mkubwa alidhani hakusikia vizuri. "Wewe, mama? Utaiweka ya nini nyumbani kitu kama hicho?"

"N'na haja nayo. We itengeneze vizuri, isiwe na bawa bovu kama hiyo." Akamuaga, akaenda zake sokoni.

Mkubwa akalitoa lile sanduku la chini ya meza, na kwa siku tatu hakulifungua. Alipolifungua, kazi aliyoweza kuimaliza kwa wiki mbili ikamchukua miezi mitatu. Alivisugua vipande kwa msasa mpaka maungio hayakuonekana. Rangi ya kijani aliichanganya mara nne kabla ya kuridhika, maana ile iliyochorwa kwenye sanduku haikuwa ile aliyoiona bondeni, na yeye ndiye aliyekuwapo, si aliyechora. Alikuwa akiikawiza, nawe ungeikawiza. Maana akiishika alikuwa na Mcha, na akiimaliza itambidi aipeleke, na akiipeleka itambidi akae mbele ya yule mama na kusimulia tena uongo ule, safari hii akiwa na ushahidi mkononi.

"Saa za watu zimejaa vumbi," Mwanamkasi alimwambia siku moja alipomletea chakula. "Na hii ya nani?"

"Ya Bi Mwatum wa Kiembe Samaki. Mama yake Mcha."

Mwanamkasi akaiweka sahani. "Basi itengeneze," alisema. Kisha macho yake yakatua juu ya kipande kilichobaki peke yake mezani. Kilikuwa rubani, mtu mdogo wa kutosha juu ya ukucha, amekaa, mikono magotini. "Huyu usimtie. Yule mama anasali, usimpelekee sanamu nyumbani kwake, malaika wakamkimbia."

Hapakuwa na haja ya kumwambia. Mkubwa alisoma chuoni kama watoto wote wa Makunduchi, na alijua kwamba ndege ni chombo, haina roho, lakini mtu ni kiumbe, na mwenye kuunda sura ya kiumbe siku ya mwisho ataambiwa aitie roho. Hata katika zile mbili za mwanzo hakuwatia marubani wao. Huyu wa tatu akamtupa kwenye karo pamoja na maji ya kunawia. Akakifunika kiti kitupu kwa kifuniko chake cha kioo, akajiona ametimiza heshima yote inayompasa mzee wa kike.

Akaipeleka siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, ndani ya sanduku la saa, imelazwa juu ya pamba. Alimkuta Bi Mwatum ametandika mkeka mpya ukumbini. Ubani unafuka chetezoni. Mwenyewe amekoga, amejitanda kanga safi, na miwani ameshaivaa. Mkubwa alifikiri pana wageni wengine wanaokuja, na moyo wake ukatulia kidogo, maana mbele ya wageni asingeulizwa mengi. Lakini hapakuwa na mgeni ila yeye.

Bi Mwatum akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mkekani mbele yake. Akaigeuza, akagusa duara la bawa moja, kisha la pili. Halafu akainamisha uso mpaka miwani ikakaribia kugusa kile kifuniko cha kioo, na akakaa vile kwa muda.

"Mtu wake yuko wapi?"

"Mtu gani, mama?"

"Aliyekuwa akiiendesha. Naona kiti. Mbona hakukaa mtu?"

"Alikuwamo, kijisanamu. Nimemtoa. Nimeona haifai kukuletea sanamu ndani."

Bi Mwatum akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akairudisha machoni na kuangalia tena, kana kwamba mtu angeweza kuwa amejificha. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwenda safari ndefu akakuta nyumba imefungwa.

"Mkubwa, mimi tangu siku ile uliponihadithia, kila sala nikitoa salamu namuapiza yule aliyempiga mwanangu. Sala tano, miaka kumi. Namuombea mikono yake ikauke, namuombea mama yake alie kama nilivyolia. Sasa nnachoka. Nshakuwa mtu mzima, siku zangu hazijifichi tena. Nikasema, nimsamehe, nisije nikakutana naye kwa Mola tukashikana nguo. Lakini simjui. Mtu husamehe uso, hasamehi mlio wa ndege. Nliposikia unaziunda nikasema, alhamdulillahi, nitamwona walau kidogo, amekaa pale alipokaa, nimwambie. Leo nimefukiza ubani kwa ajili yake." Akaigusa ndege kwa kidole. "Hamna mtu. Sasa nimsamehe nani?"

Mkubwa alianza kueleza habari ya sanamu, kwamba ni sheria, kwamba akitaka anaweza kutafuta njia. Akaacha katikati. Alikuwa akimtazama yule mama aliyekoga na kujifukiza ili amsamehe mtu ambaye yeye, kwa ulimi wake, ndiye aliyemzaa. Akaona kwamba hata angelimtia yule rubani, mama angemsamehe bure mtu aliyeua nyumbu.

"Hamna mtu, mama," alisema. "Hajapata kuwamo."

Akamwambia. Alianza na nyumbu na sukari, akaenda kwenye vidonge vya manjano, akaurudia ule mzaha wa Kidawa neno kwa neno, na humo ukumbini haukuchekesha hata kidogo. Alisema jinsi alivyomwona Mcha akitema na asimkanye. Hakujisaza.

"Homa," Bi Mwatum alisema mwishowe.

"Homa, mama."

"Na maneno ya vidonge ulimwambia weye."

"Mimi."

"Na weye mwenyewe?"

"Nikimeza. Kila siku nikimeza."

Bi Mwatum akainyanyua ndege, akaiweka kando ya mkeka, taratibu, kama kitu cha watu. "Basi dua zangu miaka kumi zilikuwa zikikujia weye," alisema.

"Zilinifika."

"Na ndege za watu nikizikimbia bure, najifungia ndani kama mwizi."

Mkubwa akainamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka. Akamuomba radhi, akalia waziwazi, mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu. Akasema kwamba hataki kitu chengine chochote duniani.

"Sinayo," Bi Mwatum alimjibu. "Sikudanganyi kama ulivyonidanganya. Msamaha nliouweka tayari leo ulikuwa wa mtu wa mbali. Wa mtu wa karibu sinao. Mungu akinipa nitakupa."

Mkubwa akajifuta uso, akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni. Alikuwa ameshatia mguu mmoja aliposikia anaitwa.

"Wenda wapi?"

"Nnakwenda zangu, mama."

"Rudi." Sauti ilikuwa imebadilika, imeingiwa na haraka. "Ulinambia mara moja. Kumbe ilikuwa homa. Mtu wa homa hafi mara moja, Mkubwa."

"Siku mbili, mama."

"Siku mbili alikuwa hai na weye upo naye?"

"Sikuondoka. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu."

"Basi alisema."

Mkubwa akavua kile kiatu kimoja. Siku zote zile alikuwa akihesabu alichomwepushia yule mama, maumivu aliyomfichia, fedheha aliyomfunikia. Hakuwahi kuhesabu alichomnyima. Mtu aliyekufa mara moja hana neno la mwisho, na mama yake hana la kuuliza. Miaka kumi Bi Mwatum hakuuliza kwa kuwa aliambiwa hapana la kuulizwa.

Akarudi mkekani, akaketi. Haya hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Mwanamkasi. Alisema kwamba siku ya kwanza Mcha alikuwa na akili zake, alitaka maji, alitaka kujua kama mvua imekatika. Siku ya pili alikuwa Makunduchi. Alilalamika kwamba amepakuliwa mchuzi kidogo na wenzake wamepakuliwa mwingi.

"Uongo wake," Bi Mwatum alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Nikimpakulia yeye kwanza."

"Kisha akaanza kukuita."

"Akiniitaje?"

"Mama. Hivyo tu. Anaita, halafu ananyamaza kusikiliza. Anaita tena, ananyamaza. Nikamwambia, Mcha, mimi Mkubwa, hakunisikia. Mara nyingi, mama, sikuhesabu. Ule unyamavu wake ndio sikuuweza. Mwisho nikaitikia mimi badala yako."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, naam, baba, nipo."

"Naye?"

"Akasema, mbona umekawia."

Bi Mwatum alijipinda pale alipoketi, mkono tumboni, akalia kilio ambacho ndicho alichostahili kukilia mwaka ule wa barua. Mkubwa hakumbembeleza, hakujiona kuwa na haki hiyo. Ubani ukaisha chetezoni. Baadaye akajifuta kwa kanga, akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yake yakakaribiana na ya Mkubwa.

"Bado sijakusamehe," alisema.

"Najua, mama."

"Anza tena. Anzia pale alipoita. Na mara hii usiitikie weye."

Mkubwa akaanza tena, kwenye mvua, kwenye kichwa kilicho mapajani. Alipofika pale akaita kama alivyoita Mcha, "Mama," kisha akanyamaza.

"Naam, baba," akasema Bi Mwatum. "Nipo."